Anayekubali Kubeba Hatari Yako: Kazi ya Mpima Hatari Katika Bima na Fedha

Mwenye mashua wa Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu, akienda kuulizia bima, jibu la kwanza analopewa na wakala huwa ni hili: ngoja niulize Nairobi. Anaacha nakala ya kitambulisho, picha za chombo na namba ya simu, kisha anarudi kwake kungoja. Siku zikipita anapigiwa na kutajiwa ada, ama anaambiwa kuwa kampuni haichukui vyombo vya mbao. Sababu hatajiwi. Na wakala mwenyewe mara nyingi haijui, maana si yeye aliyeamua.

Aliyeamua ni mtu ambaye mwenye mashua hatamwona maishani. Ofisini humwita andaraita. Hapa nitamwita mpima hatari, kwa kuwa ndiyo kazi anayoifanya. Anaangalia hatari iliyoletwa mezani, anaamua kama kampuni iibebe au iiache, na akikubali anataja kwa bei gani na kwa masharti yapi. Wakala huuza, dalali humtafutia mteja kampuni, mthamini hasara huja baada ya ajali. Mpima hatari yuko nyuma ya hao wote, na uamuzi wake ndio unaowafunga. Ukikosea kuelewa kazi ya mtu huyu, utalipa ada kwa miaka na siku ya msiba ugundue kuwa mkataba wako haukukinga kile ulichodhani.

Kazi hii ilikomaa baharini kabla ya kupanda nchi kavu. Mwishoni mwa miaka ya 1680, Edward Lloyd alikuwa na mkahawa jijini London ambapo manahodha, wenye meli na matajiri walikutana kunywa kahawa na kupashana habari za vyombo. Mwenye meli aliyetaka kinga alizungusha karatasi yenye jina la chombo, shehena, safari na thamani. Tajiri aliyeridhika aliandika jina lake chini ya maelezo hayo, pamoja na sehemu aliyokubali kubeba: huyu sehemu ya kumi, yule ya ishirini, mpaka thamani yote ienee. Meli ikifika salama, ada ni yao. Ikizama, kila mmoja alitoa mfukoni mwake kile alichokiandikia jina. Hapakuwa na kampuni ya kusimama mbele yake.

Kilichowavuta pale zaidi ya kahawa ni habari. Mwaka 1696 Lloyd alianza kuchapisha karatasi ya habari za meli, na mwaka 1734 ikaanza Lloyd's List, iliyoeleza chombo gani kimeonekana wapi na kipi kimepotea. Aliyejua kwamba nahodha fulani ni mlevi, au kwamba meli fulani haijafanyiwa matengenezo, alitaja bei iliyo karibu na ukweli. Asiyejua alikisia, na kwa kuogopa hasara alikisia juu. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo linalotuumiza sisi wa visiwani hadi leo.

Hesabu ya mashua mia moja

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za kubuni. Kuna mashua 100, kila moja ina thamani ya shilingi 1,200,000. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kwa wastani mashua 3 hupotea kila mwaka. Hasara inayotarajiwa ni shilingi 3,600,000, na ukiigawa kwa mashua zote, kila moja inachangia 36,000. Hapo bado hujalipa mishahara, kamisheni ya wakala na kodi, wala hujaweka akiba ya mwaka mbaya, ule ambao zitazama 7 badala ya 3. Ada ikifika 55,000 au 60,000 hakuna aliyemdhulumu mwenziwe.

Ugumu ni kwamba mashua hazifanani. Ukiwatoza wote 60,000, mwenye chombo kipya kilichotiwa vizuri kalafati ya kuziba nafasi kati ya mbao ataona ni ghali na atajitoa. Mwenye chombo kinachovuja ataona ni rahisi na atakuja mbio. Mwaka wa pili zinazozama si 3 tena, ni 6. Kampuni inapandisha ada, wazuri wengine wanajitoa, na wanaobaki ni wale ambao hata wao wanajua kuwa vyombo vyao havina siku nyingi. Mfuko unafilisika bila mtu kuiba senti. Ndiyo maana mpima hatari hutumia sehemu kubwa ya siku yake akitenganisha mashua na mashua, nyumba na nyumba, dereva na dereva. Watu huuona huo kuwa ubaguzi. Mimi naona ndio uadilifu wa kazi yenyewe: mwangalifu asimlipie mzembe.

Kutenganisha kunahitaji jicho la karibu. Pale Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, mkaguzi anayeijua kazi husubiri maji yatoke na chombo kikae mchangani. Anapita na nyundo ndogo, akigonga ubao mmoja baada ya mwingine kuanzia kwenye mkuku, ubao wa chini kabisa, kwenda juu. Ubao mzima hutoa mlio mkavu; uliooza ndani, mlio wake ni mzito na unafia hapo hapo. Palipo na shaka anadunga kwa ncha ya kisu: mbao njema inakataa, mbovu inameza. Anatazama kama misumari inachuruza kutu, anapitisha kidole kwenye kalafati kati ya mbao, anashika kamba za tanga, anauliza injini ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Halafu anauliza swali ambalo mwenye chombo hulijibu kwa kusitasita: maji yanayoingia chomboni hufuliwa mara ngapi kwa siku?

Baada ya chombo anakuja mtu. Nahodha ni nani na ameshika usukani miaka mingapi? Mashua huvua ndani ya mkondo au hutoka nje ya miamba? Miezi ya kusi kali, upepo wa kutoka kusini, chombo kiko majini au kimepandishwa? Kinavua tu, au Jumapili hubeba abiria na watalii? Kimewahi kupata ajali, na kama kilipata, nani alilipa? Kila jibu linaisogeza ile 36,000 juu au chini.

Mwisho wa maswali kuna kukubali, kukataa, na kati yake kuna masharti, ambako ndiko kazi nyingi iliko. Anaweza kuchukua chombo kwa ada ya juu. Anaweza kusema mwenyewe abebe shilingi 100,000 za mwanzo za kila hasara, ili asiwe mzembe kwa kuwa anajua kuna wa kumlipia. Anaweza kuandika kwamba kinga haifanyi kazi chombo kikivuka nje ya miamba katika miezi aliyoitaja, au kikibeba watu kupita idadi ya kwenye leseni. Masharti haya huandikwa kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza cha kisheria, na wengi wetu hutia sahihi bila kuyasoma. Mwulize wakala akufafanulie sharti moja moja, na asiyeweza kukufafanulia usimlipe.

Bei ya kutojulikana

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Hatari isiyojulikana hupimwa kama hatari mbaya. Mpima hatari asiye na takwimu za vyombo vya Faza, Siyu na Kiunga, vijiji vyetu vya Lamu, hawezi kutenganisha, na asiyeweza kutenganisha huwatoza wote bei ya yule mbovu, au huwafungia mlango wote. Kwa hiyo mwenye mashua wa kwetu hulipa mara mbili: analipia bahari, kisha analipia umbali ulioko kati yake na meza ya Nairobi.

Tazama nyumba ya Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu ambao Unesco iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba moto wa chumba kimoja hupata kazi kuvuka kwenda cha pili. Hilo ni jema. Lakini dari zimebebwa na boriti za mikoko, nyumba zinagusana, na juu kabisa wengi wamejenga banda la makuti la kupunga upepo. Kichochoro ni cha kupishana punda, gari la zimamoto haliingii. Moto ukishika makuti ya jirani siku ya kusi, ukuta wako mnene haukusaidii, kwa kuwa cheche zinapita juu. Mpima hatari aliyesimama pale darini ataona nyumba mbili tofauti kabisa: ile iliyozungukwa na mapaa ya saruji, na ile iliyo upande wa chini ya upepo wa mabanda matatu ya makuti. Aliyeko mbali ana fomu inayouliza kama paa ni makuti au si makuti. Nyumba hizo mbili zitapewa jibu moja, na mmoja wa wenye nyumba ataonewa.

Inawezekana kupima bila kufika, kama kuna njia ya kupata habari za kweli. Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit bima ya mifugo ambayo haihitaji mtu kwenda kuhesabu mizoga ya ng'ombe jangwani. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, mfugaji hulipwa. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kwa utaratibu huo huo chini ya mkataba unaofuata sharia ya Kiislamu. Bima hiyo ina kasoro yake, kwa sababu setilaiti inaweza kuona majani mabichi huku ng'ombe wako amekufa kwa maradhi, na hapo hulipwi. Lakini imeonyesha kwamba watu waliokuwa wakiambiwa hawakingiki wanakingika, alimradi mtu ajishughulishe kutafuta kipimo.

Ukweli wa pande zote mbili

Kwa kuwa mpima hatari hutegemea anayoambiwa, sheria ya bima imemlinda kwa wajibu mzito kuliko mikataba mingine: anayeomba bima lazima aseme kila jambo kubwa analolijua, hata asipoulizwa. Sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906 ilieleza kwamba jambo kubwa ni lile ambalo lingemgusa mpima hatari mwangalifu anapoamua kukubali au anapotaja ada. Sheria yetu ya Bima ya Baharini, Sura ya 390, imejengwa juu ya hiyo. Ukiandika kuwa mashua ni ya uvuvi ilhali kila wikendi unapeleka watalii Manda, kampuni inaweza kuufuta mkataba wote, hata kama iliyozama ilikuwa inavua siku hiyo.

Kesi ambayo mawakili huitaja kila mara kuhusu wajibu huu ni Carter dhidi ya Boehm, iliyoamuliwa na jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, mwaka 1766. Gavana wa ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra alikata bima dhidi ya ngome kutekwa na adui. Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyeandika bima hiyo, akagoma kulipa: hakuambiwa kwamba ngome ilikuwa dhaifu. Kinachosahaulika ni nani alishinda. Alishinda aliyekata bima. Mansfield alisema wajibu wa ukweli ni wa pande zote mbili, na kwamba mambo ambayo mpima hatari aliyajua, au alipaswa kuyajua kwa kuwa ndiyo biashara yake, hawezi kuyageuza kisingizio baadaye. Boehm alikuwa London, alijua hali ya vita kuliko gavana mwenyewe, na hakuuliza.

Kampuni zetu zinapenda nusu ya kwanza ya kesi hiyo. Zinapaswa kuishi pia na nusu ya pili. Ukichukua ada ya mwenye jahazi la Lamu miaka minne bila kutuma mtu wa kulitazama, halafu siku ya dai ukasema hukujua kuwa lina mbao za zamani, hilo si jambo la haki. Uingereza yenyewe ilipunguza ukali wa sheria yake mwaka 2015, ili kosa dogo la maelezo lisimpokonye mtu fidia yote. Nasi tunahitaji kufika huko.

Maamuzi yanayokuja kutoka mbali

Kampuni ya Kenya ikichukua hoteli kubwa ya Malindi haiibebi yote. Hubaki na sehemu inayoimudu, nyingine huipeleka kwa kampuni za bima mtawanyo, zile zinazozikatia bima kampuni za bima. Hapa nyumbani iko Kenya Re, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1970. Ng'ambo ziko Munich Re, Swiss Re na soko la Lloyd's, ambalo ndilo mzao wa ule mkahawa. Huko nako kuna mpima hatari mwingine, na juu yake pengine mwingine. Kimbunga Ian kilipoipiga Florida Septemba 2022, bei za bima mtawanyo zilipanda sana kwenye mikataba ya Januari 2023, na wimbi hilo likasambaa hadi kwa watu ambao hawajawahi kuiona Florida kwenye ramani.

Kwa Lamu jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu ya usalama. Baada ya utekaji wa wageni Kiwayu na Manda mwaka 2011, na baada ya shambulio la Mpeketoni Juni 2014, serikali za Ulaya ziliwaonya raia wake wasije. Bima nyingi za safari za huko zina sharti kwamba ukienda mahali ambapo serikali yako imekukataza, kinga inakufa. Hoteli ya Shela haikuungua, bahari haikuchafuka, lakini vitanda vilikaa vitupu, kwa kuwa wageni wengi hawakubali kusafiri bila bima ya matibabu. Mikataba ya kawaida ya mali nayo haibebi ugaidi. Tangu mashambulio ya Septemba 11, 2001 kampuni duniani kote zililitoa jambo hilo kwenye mikataba na kuliuza peke yake kwa ada yake. Mwenye hoteli asiyejua hilo anaweza kudhani ana kinga kamili miaka yote, kumbe ana nusu.

Wanaoitazama bahari kwa upande wa vita wako London pia, katika kamati ya pamoja ya wapima hatari inayoorodhesha maeneo hatari kwa meli. Enzi za maharamia wa Kisomali, sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa eneo la hatari kubwa, na tangazo hilo la mashirika ya meli liliondolewa Januari 1, 2023. Mwisho wa mwaka huo huo Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu. Kufikia mwanzoni mwa 2024, bima ya vita kwa safari moja ya kupita huko ilikuwa imekaribia 1% ya thamani ya meli. Meli ya dola milioni 100 ingelipa karibu dola milioni moja kwa kupita tu, na kampuni nyingi zikaona afadhali kuzunguka Afrika Kusini. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, iko kando ya bahari ambayo njia zake zinachorwa upya kwa bei za watu hawa.

Takaful, na kwa nini nayo ina mpima hatari

Wengi wa jirani zangu hawakatai bima kwa sababu ya bei. Wanaikataa kwa sababu ya dini: ndani yake kuna gharari, yaani kuuziana jambo lisilojulikana, kuna sura ya kamari, na fedha huwekwa kwenye riba. Mwaka 1985 Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliamua kwamba bima ya kibiashara haifai na likaruhusu ile ya kusaidiana. Sudan ilikuwa imeanza kampuni ya namna hiyo mwaka 1979, Malaysia ikaitungia sheria mwaka 1984, na Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011.

Katika takaful wanachama hutoa mchango kwa nia ya kusaidiana, mfuko ni wao, na kampuni ni wakala wa kuuendesha kwa ujira unaojulikana. Mfuko ukibaki na ziada, inaweza kurudi kwa wanachama. Ukipungukiwa, mwendeshaji huukopesha bila riba. Nimesikia watu wakisema kwamba kwa hiyo hakuna haja ya kumpima mtu, sote ni ndugu. Hapo nawapinga kwa nguvu zote. Mfuko wa ndugu ukipokea kila chombo kibovu kwa mchango ule ule, utakauka upesi, na watakaoumia ni wale waliochangia kwa uaminifu. Mpima hatari wa takaful anagonga mbao zile zile kwa nyundo ile ile. Tofauti ni kwamba anailinda amana ya wanachama, na haki ya kumdai hesabu ni yao.

Upande wa fedha

Neno andaraita linapohamia benki na soko la hisa, kiini hakibadiliki: kuna mtu anakubali kubeba hatari ya mwingine kwa malipo. Kampuni inayotaka kuuza hisa kwa umma inaogopa jambo moja, kwamba watu hawatanunua. Basi benki au kundi la benki hutia sahihi kwamba hisa zitakazobaki watazinunua wenyewe kwa bei iliyotangazwa. Kwa ahadi hiyo hulipwa asilimia fulani. Yapo mauzo mengine ambayo benki huahidi kujitahidi kuuza tu, na zikibaki, zimebaki. Waraka wa mauzo hueleza ni ahadi ipi iliyotolewa, na anayetaka kununua aitafute kabla ya kutoa fedha.

Oktoba 1987 serikali ya Uingereza ilikuwa inauza sehemu yake iliyobaki katika kampuni ya mafuta ya BP, mauzo ya pauni bilioni 7.2. Bei ilitajwa peni 330 kwa hisa, na benki zikatia sahihi kubeba zitakazobaki. Siku chache baadaye, Oktoba 19, masoko ya dunia yaliporomoka. New York peke yake ilipoteza zaidi ya 22% kwa siku moja. Bei ya BP sokoni ikashuka chini ya ile iliyotangazwa, umma ukakaa mbali, na benki zikaomba mauzo yafutwe. Serikali haikuyafuta. Wenye benki wakabaki na rundo la hisa zenye hasara mikononi, na sehemu kubwa baadaye ilinunuliwa na Kuwait. Walikuwa wamelipwa ada kwa ajili ya siku kama hiyo hiyo.

Kwetu tunaukumbuka mwaka 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tano, na hata huku pwani kuna waliokopa ili wanunue. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya 5. Mpima hatari anaweza kuhakikisha kwamba muuzaji anapata fedha yake. Hamhakikishii mnunuzi faida, na hilo wengi hawakulijua.

Mkopo nao hupimwa. Afisa anayeidhinisha anatazama kipato, madeni mengine, historia katika kumbukumbu za wakopaji, na dhamana. Nchini Marekani, miaka ya kabla ya 2008, walioandika mikopo ya nyumba waliacha kudai hata uthibitisho wa mshahara, kwa sababu mkopo uliuzwa kwa mwingine mara tu baada ya kusainiwa. Aliyepima hakuwa atakayepata hasara. Lehman Brothers ikaanguka Septemba 15, 2008, na siku iliyofuata kampuni ya bima ya AIG, iliyokuwa imedhamini madeni hayo kwa ada ndogo mno, ikaokolewa kwa mkopo wa dola bilioni 85. Wale wa mkahawani waliandika majina yao kwa fedha zao wenyewe, na sijaona kinga iliyo bora kuliko hiyo dhidi ya upimaji wa kizembe.

Si kwamba Lloyd's ilisalimika. Mikataba iliyoandikwa miongo mingi nyuma, wakati madhara ya asbesto, nyuzi za madini zilizotumika katika ujenzi, hayajaeleweka, ilirudi na madai ya wafanyakazi wagonjwa, na kati ya 1988 na 1992 soko hilo lilipoteza takriban pauni bilioni 8. Watu waliokuwa wameweka mali zao zote kama dhamana walifilisika. Hapa Kenya ugonjwa wetu ni mwingine: kampuni kushindana kwa kushusha ada, hasa ya magari, mpaka isitoshe kulipa madai. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na wenye matatu wakabaki na stika zisizo na kitu nyuma yake. Ada iliyo chini sana kuliko ya wenzake wote inapaswa kukutia wasiwasi.

Kwa wavuvi wa Lamu na Malindi nina pendekezo moja, na liko ndani ya uwezo wetu. Tuna vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilivyowekewa kanuni tangu 2007. Kila kikundi kifungue daftari la vyombo: jina, urefu, mwaka wa kuundwa, fundi, injini, nahodha. Kila ajali iandikwe siku ile ile, mahali, upepo, saa, waliokuwamo, kilichopotea na kilichookolewa. Na matengenezo yaandikwe pamoja na risiti zake. Wasio na ajali waandikwe pia, maana hao ndio wanaoteremsha ada. Kikundi chenye kumbukumbu za miaka mitano kinaweza kwenda kwa kampuni, ya kawaida au ya takaful, kikaomba mkataba mmoja wa vyombo vyake vyote, kikadai mkaguzi aletwe kijijini, na kikaonyesha kwa hesabu zake chenyewe ni vyombo vingapi hupotea kwa mwaka.